Damu Yako Si Yako Peke Yako



Siku hizi wachumba wanaojiandikisha kwa mafundisho ya ndoa huja mara nyingi na karatasi mbili. Ya kwanza ni cheti cha ubatizo. Ya pili ni jibu la maabara linaloonyesha kama damu ya mtu ni AA, AS au SS. Mimi simdai mtu karatasi hiyo ya pili. Anayependa kunionyesha hunionyesha. Lakini kila ninapoiona huwaza kwamba karatasi hiyo ndogo inasema mambo ya watu wengi kuliko jina lililoandikwa juu yake. Inamtaja baba, inamtaja mama, inawagusa ndugu wa tumbo moja, na hata watoto ambao hawajazaliwa. Na katika hao wote, aliyeulizwa kama anataka damu yake ijulikane ni mmoja tu.

Nimekuwa katekista kwa zaidi ya miaka ishirini, na kazi niliyosomea ni ualimu. Mwalimu huzoea kuanza na kitu ambacho mwanafunzi tayari anacho mkononi. Basi tuanze na karatasi hiyo, ili tufikie jambo kubwa zaidi ambalo ninyi mtaishi nalo kuliko sisi wazazi wenu: kusomwa kwa jenomu ya mwanadamu, yaani maandishi yote ya urithi yaliyomo mwilini mwake.

Maandishi hayo yameandikwa kwa herufi nne tu, A, T, C na G, katika uzi mwembamba sana unaoitwa ADN. Herufi hizo ni karibu bilioni 3 katika nakala moja, nasi tuna nakala mbili: moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Zimegawanyika katika kromosomu 46, yaani 23 za upande wa baba na 23 za upande wa mama. Elimu hii haikuanza katika nyumba ya maadui wa imani. Gregor Mendel, aliyechapisha mwaka 1866 kanuni za kwanza za urithi baada ya kuchunguza mimea ya njegere katika bustani ya monasteri huko Brno, alikuwa mtawa na padri wa Shirika la Mtakatifu Augustino. Mradi mkubwa wa kimataifa wa kusoma jenomu ya mwanadamu ulianza mwaka 1990, ukatangazwa kukamilika Aprili 2003, na kwa jumla ulihesabiwa kugharimu karibu dola bilioni 3. Sehemu zilizokuwa bado ngumu kusomeka zilimalizika mwaka 2022. Leo jenomu ya mtu mmoja inaweza kusomwa kwa muda wa siku chache na kwa gharama isiyofika dola 1000. Kazi iliyohitaji mataifa mengi na miaka kumi na mitatu, sasa hufanywa na chumba kimoja cha maabara.

Kwa nini jambo hilo litugusa sisi wa Kongo? Tazameni ugonjwa wa drepanositozi, ambao katika mitaa yetu watu huuita kwa kifupi SS. Chanzo chake ni herufi moja tu iliyobadilika kati ya zile bilioni 3: mahali penye A pamewekwa T, katika jeni inayoelekeza utengenezaji wa hemoglobini. Kwa sababu ya herufi hiyo, chembe nyekundu za damu hupinda kama mundu, huziba mishipa midogo, na mtoto hulia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Mwenye herufi hiyo katika nakala moja tu ni AS. Yeye kwa kawaida ni mzima, tena ana kinga fulani dhidi ya malaria kali; ndiyo maana urithi huu umeenea katika nchi zilizozoea mbu. Nchi yetu, pamoja na Nigeria na India, ni miongoni mwa nchi tatu ambako watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na SS.

Wachumba wawili wakiwa wote AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto SS, nafasi mbili za kumpata AS, na nafasi moja ya kumpata AA. Msidanganyike kwamba mtoto wa kwanza akiwa SS, watatu wanaofuata watapona. Kila mimba ni kura mpya.

Hesabu hiyo ndogo imeleta haki katika nyumba nyingi. Nimeketi katika vilio ambako mama aliyepoteza mtoto wa pili au wa tatu alinyoshewa kidole na wakwe zake kwamba tumbo lake lina laana, au kwamba yeye mwenyewe ndiye mchawi. Herufi za urithi zinakanusha neno hilo. Mtoto SS amepokea nakala moja kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba. Hakuna anayeweza kunawa mikono na kumwachia mwenzake mzigo. Katika sura ya tisa ya Injili ya Yohane, wanafunzi walimwuliza Yezu kuhusu mtu aliyezaliwa kipofu, wakitaka kujua dhambi ilikuwa ya nani, yake au ya wazazi wake. Yezu hakukubali swali lenyewe. Alikataa kugeuza ugonjwa uwe hukumu. Anayemweleza mama yule ukweli wa kisayansi, na kumwondolea aibu isiyo yake, anafuata njia hiyo hiyo.

Lakini karatasi inayomtetea mama leo inaweza kumponda kesho. Ikiwa mtoto ni SS na baba ameandikiwa AA, maneno huanza kunong'onwa uani, na nyumba inaweza kuvunjika kabla ya jua kuchwa. Pengine karatasi ina kosa. Pengine mtu alipimwa muda mfupi baada ya kuongezewa damu, na damu ya mfadhili ndiyo iliyojibu. Pengine ni kweli. Kwa vyovyote, siri iliyokuwa ya watu wawili imewekwa mezani mbele ya watu ambao si yao. Mwenye kusoma damu za watu ameshika kisu chenye makali pande mbili, na haitoshi kwamba anajua kusoma. Yampasa kujua kunyamaza, na kujua aseme nini, kwa nani, na wakati gani.

Kama haya yanatokea kwa herufi moja tu, fikirini yatakayotokea zinaposomwa zote.

Historia imekwisha kutupatia mafunzo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko Marekani, majimbo kadhaa yalitunga sheria za kuwalazimisha Waamerika weusi kupimwa urithi wa SS, mahali pengine kabla ya mtoto kuingia shule, mahali pengine kabla ya kupewa kibali cha ndoa. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema. Lakini watu walichanganya AS na SS. Wazima wakahesabiwa wagonjwa. Wapo walionyimwa kazi, wapo waliodaiwa malipo makubwa zaidi ya bima, na chuo cha maofisa wa jeshi la anga kiliwafungia mlango vijana wa AS hadi mwaka 1981. Elimu ilikuwa ya kweli, ila ilitangulia na haki ikachelewa nyuma. Ilipofika mwaka 2008 ndipo nchi hiyo ilipopitisha sheria ya taifa inayowakataza waajiri na bima za afya kumbagua mtu kwa sababu ya jeni zake. Na hata sheria hiyo haigusi bima ya maisha.

Fundisho la pili linatoka kwa mama mmoja, Henrietta Lacks, mwanamke mweusi, mama wa watoto watano. Mwaka 1951 alitibiwa saratani ya mlango wa kizazi katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore. Madaktari walichukua chembe za uvimbe wake bila kumwuliza, jambo ambalo siku zile lilikuwa la kawaida. Alifariki tarehe 4 Oktoba mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 31. Chembe zake, zilizopewa jina la HeLa, zilikuwa za kwanza za binadamu kuendelea kuishi na kuongezeka maabarani bila kikomo. Zilisaidia katika kazi ya chanjo ya polio na katika tafiti nyingi mno za saratani na virusi. Zilipelekwa duniani kote, zikanunuliwa na kuuzwa. Watoto wake walianza kujua habari hiyo mwaka 1973, zaidi ya miaka ishirini baada ya kumzika mama yao, pale watafiti walipowatafuta ili wapate damu yao pia.

Hadithi haikuishia hapo. Machi 2013, watafiti wa Ulaya walisoma jenomu ya chembe hizo na kuitoa hadharani ili kila mtu aisome. Hawakuvunja sheria yoyote. Lakini watoto na wajukuu wa Henrietta waliona kwamba sehemu ya urithi wao wenyewe, pamoja na magonjwa yanayoweza kuwanyemelea, imetandazwa barabarani kama nguo za ndani. Maandishi yaliondolewa. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule, taasisi za taifa za afya za Marekani zilipatana na familia: anayetaka kuyasoma aombe ruhusa, na wawakilishi wawili wa ukoo wakae katika kamati inayochunguza maombi hayo.

Mimi huona katika mapatano hayo jambo ambalo wazee wetu wangelielewa upesi. Sayansi na sheria za nchi tajiri zilizoea kumwuliza mtu mmoja mmoja: wewe, unakubali? Yeye akitia sahihi, neno limekwisha. Kwetu, mambo mazito ya mtu hayakuamuliwa hivyo. Ndoa, ardhi, mazishi, yote yalikuwa na baraza, kwa kuwa ilijulikana kwamba mtu hakujizaa. Jenomu imekuja kuthibitisha maarifa hayo ya kale. Mnamo mwaka 2018, polisi wa California walimpata mtu aliyekuwa ametafutwa kwa mauaji ya miaka mingi, bila yeye kutoa damu yake mahali popote. Jamaa zake wa mbali ndio waliokuwa wameweka ADN yao katika hifadhi ya watu wanaotafuta asili zao. Kumkamata mwuaji ni jambo jema. Lakini tuone tumefika wapi: binamu usiyemfahamu, kwa kutema mate katika kichupa, anaweza kukufungulia mlango wa nyumba yako.

Basi kuna wajibu wa aina mbili, na ndilo neno ambalo ningependa mlishike. Kwa kuwa damu yako si yako peke yako, huna ruhusa ya kuigawa ovyo kwa wageni kana kwamba haimhusu mwingine. Na kwa sababu hiyo hiyo, huna ruhusa ya kuwaficha wa nyumbani mwako yale yanayowahusu. Kijana aliyejua kwamba ni AS, akawanyamazia dada zake kwa aibu mpaka wakaolewa bila kujua, amezuia barua ambayo sehemu yake ilikuwa imeandikwa kwao. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa anayeumbuliwa anaweza kuwa mpwa wake. Kunyamaza mbele ya wageni ni heshima. Kunyamaza mbele ya ndugu kwaweza kuwa dhuluma.

Sisi watu wa Katanga tuna sababu ya pekee ya kuwa macho. Tumeona shaba na kobalti zikitoka hapa zikiwa mawe, na kurudi zikiwa simu na betri ambazo mchimbaji hana uwezo wa kuzinunua. Damu pia inaweza kusafiri hivyo. Mwezi wa Novemba 2023 Uingereza, na mwezi uliofuata Marekani, ziliidhinisha tiba ya kwanza inayohariri jeni za mgonjwa wa SS ili damu yake ipate nguvu. Ni kazi ya kustaajabisha, na ninamshukuru Mungu kwa akili aliyowapa wanadamu. Bei yake iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Mtoto wa Kasumbalesa ambaye wazazi wake wanahangaika kupata fedha za chupa moja ya damu ataisikia habari hiyo kama habari za mwezini. Azimio la UNESCO la mwaka 1997 kuhusu jenomu ya mwanadamu lilisema kwamba jenomu, kwa njia ya mfano, ni urithi wa wanadamu wote. Urithi ambao ndugu mmoja anaula na mwingine anauchungulia dirishani, bado haujagawanywa.

Hata hivyo, jibu si kufunga mlango na kusema tusitoe damu kamwe kwa utafiti. Jenomu nyingi zilizosomwa hadi leo ni za watu wenye asili ya Ulaya, na dawa hutengenezwa kwa kufuata kilichosomwa. Mwaka 2020, watafiti wa Kiafrika na wenzao walichapisha uchunguzi wa jenomu za watu 426 tu kutoka jamii 50 za bara letu, wakakuta tofauti za herufi zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Tukikosekana katika kitabu hicho, tutakosekana pia katika matibabu. Tena tunao mfano mwema hapa hapa. Kabla ya tiba ile ya mamilioni kulikuwa na dawa ya vidonge, hidroksiyurea, iliyotumika kwa miaka mingi katika nchi tajiri. Watu waliogopa kwamba ingewadhuru watoto wa Afrika wenye malaria. Utafiti uliofanyika Kinshasa, pamoja na Angola, Kenya na Uganda, kwa watoto zaidi ya 600, na ambao daktari Mkongomani Léon Tshilolo alikuwa miongoni mwa viongozi wake, ulionyesha mwaka 2019 kwamba dawa hiyo hupunguza maumivu, vifo, na hata malaria yenyewe. Hapo swali liliulizwa kwa ajili ya watoto wetu, pamoja na waganga wetu, na jibu likawarudia wao. Hicho ndicho kipimo: swali ni la nani, na jibu linamrudia nani?

Kuna hatari ya mwisho, nayo ndiyo nzito zaidi. Jérôme Lejeune, daktari Mfaransa na Mkatoliki, alikuwa mmoja wa wale waliogundua mwishoni mwa miaka ya 1950 kwamba watoto wenye ulemavu uliokuwa ukiitwa umongoli wana kromosomu ya 21 mara tatu badala ya mara mbili. Alitafuta chanzo ili apate dawa, naye aliwapenda watoto hao kama wake. Aliishi hadi kuona ugunduzi ule ukitumiwa kuwatambua wakiwa tumboni na kuwazuia wasizaliwe. Alipaza sauti, akapoteza marafiki na heshima nyingi za dunia. Mwaka 2021 Kanisa lilitambua ushujaa wa fadhila zake. Maisha yake yanatuonya kwamba ujuzi ule ule unaweza kuwa taa ya kumtafutia mgonjwa dawa, au taa ya kumtafuta mgonjwa mwenyewe ili aondolewe. Kanisa halipingi kuponya jeni za mgonjwa; hati ya mwaka 2008 iitwayo Dignitas Personae inakubali, kwa kanuni, tiba inayomlenga mgonjwa mwenyewe. Linachokataa ni kumpima mtoto kama bidhaa sokoni, huyu apite, huyu atupwe.

Wachumba hunijia na swali gumu: sisi wote wawili ni AS, tufanye nini? Sheria ya Kanisa haiuhesabu urithi huo kuwa kizuizi cha ndoa, na mimi sina mamlaka ya kuongeza kizuizi ambacho Kanisa halikuweka. Nimewaona waliotengana kwa machozi na heshima. Nimewaona pia waliofunga ndoa wakijua, wakapata mtoto SS, na leo mtoto huyo anaimba katika kwaya ya parokia. Siwezi kusema kwamba wale walikuwa waoga au hawa walikuwa wapumbavu. Ninachoweza kusema ni kwamba wote waliamua wakiwa wamejua, kwa uhuru, na mapema. Kwa hiyo pimweni kabla mahari haijatolewa na moyo haujafungwa kamba. Na anayewatangazia watu jibu la mwenzake baada ya uchumba kuvunjika, ametenda dhambi dhidi ya ukoo mzima.

Na siku mtafiti atakapokuja chuoni au kijijini kwenu kuomba damu au mate, msimkimbie wala msimpe kwa sababu tu amegawa sabuni na soda. Mwulizeni kwa adabu: Utasoma nini? Damu itawekwa wapi, na kwa miaka mingapi? Nani mwingine ataiona? Nikibadili nia, naweza kuirudisha? Ukiona ugonjwa unaotibika, utaniambia? Sisi tutapata nini katika matunda yake? Mtafiti mwaminifu hatachukia maswali hayo. Kisha rudini nyumbani, mkaongee na wazazi na ndugu kabla ya kutia sahihi, kwa maana mtakuwa mnatia sahihi kwa niaba yao pia.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Katika familia zetu, mtoto anapougua mara kwa mara, nani hulaumiwa kwanza? Tunaweza kufanya nini ili ukweli umtetee?

2. Ukijua jambo la urithi linalowahusu kaka na dada zako, utawaambia lini, na kwa maneno gani?

3. Je, parokia yetu inaweza kuwasaidia namna gani wachumba wapimwe mapema, bila siri zao kutangazwa?

4. Taja mtu mwenye ugonjwa wa kurithi katika shirika lenu. Ana nafasi gani katika kwaya, katika michezo, katika mazungumzo yenu? Msimzungumzie kabla ya kumwomba ruhusa.